Fainali ya hoki Edmonton na Florida: namna ya kuchagua wachezaji wako katika pulu ya familia

Usiku wa kuamkia Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa nane za usiku kwa saa zetu za mashariki, Edmonton Oilers ya Kanada na Florida Panthers ya Marekani zinaanza fainali ya Kombe la Stanley, kombe kubwa la hoki ya barafu. Hapa kwetu hakuna mtoto anayekua akicheza mchezo huo. Lakini ikiwa uko na kaka, dada ama shangazi anayeishi Edmonton, Montréal, Ottawa ama Winnipeg, huenda ujumbe umeshafika kwenye simu yako: "Tunafanya pulu ya fainali, kila mutu dola 10, chagua wachezaji wako kabla ya Jumatano."

Wengine wanajibu haraka kwa kufurahisha ndugu. Wengine wanadhani ni ile pari ya mpira wanayoijua hapa mjini, na wanauliza tu: "Nani atashinda?" Kumbe katika pulu swali hilo si la kwanza, na mara nyingi hata si la pili. Tunaeleza hapa namna mchezo unavyokwenda, namna ya kuchagua kwa fainali hii, na mambo ya kuuliza kabla ya kutoa feza.

Pulu ni nini?

Kule Kanada, wakati mechi za mchujo za ligi ya NHL zinapokaribia, watu wa kazi moja, wa familia moja ama wa kanisa moja wanaweka kila mutu kiasi kidogo cha feza katika kapu moja. Halafu kila mutu anachagua wachezaji. Wachezaji wake wakifunga bao ama wakitoa pasi ya bao, yeye anapata pointi. Mwisho wa mashindano, mwenye pointi nyingi ndiye anachukua kapu, ama wanagawa kati ya watatu wa kwanza.

Kwa hiyo pulu iko katikati ya likelemba na pari. Inafanana na likelemba kwa sababu watu wanajuana na feza yote inabaki kati yao, hakuna kampuni inayokata sehemu yake. Inafanana na pari kwa sababu unaweza kutoa feza na usiione tena. Katika likelemba zamu yako inafika tu. Katika pulu zamu inaweza isifike hata mwaka mmoja.

Hoki kwa kifupi

Kila ekipe inaingiza uwanjani watu sita: kipa mmoja, mabeki wawili na washambuliaji watatu. Wanateleza juu ya barafu na kusukuma kisahani kigumu cha mpira kwa fimbo. Mechi iko na vipindi vitatu vya dakika 20. Kwa siku ya mechi kila upande unavalisha wachezaji 18 na makipa wawili, na wanabadilishana kila baada ya sekunde 40 ama 50 hivi, sababu kukimbia pale kunachosha sana.

Kuna mambo mawili ya kushika kwa ajili ya pulu. La kwanza: kwa bao moja, sheria inaruhusu kuandika pasi mbili. Maana yake bao moja linaweza kutoa pointi kwa watu watatu: aliyefunga, aliyempa, na aliyempa yule aliyempa. Ndiyo maana mtoa pasi mzuri anaweza kumpita mfungaji.

La pili: mchezaji akifanya kosa anatoka nje dakika mbili, na ekipe yake inabaki na watu pungufu. Upande mwingine unaingiza watano wake wa kushambulia wakati huo. Wale watano, ambao kocha anawachagua kabla, wanapata nafasi nyingi kuliko wenzao. Ukitaka kujua mchezaji fulani atakuletea pointi, uliza kwanza: je, anaingia wakati wapinzani wako pungufu?

Fainali inachezwa mpaka ekipe moja ipate ushindi nne. Inaweza kumalizika kwa mechi nne ama kufika saba. Mechi ya kwanza, ya pili, ya tano na ya saba ni Edmonton. Ya tatu, ya nne na ya sita ni Florida.

Ekipe hizi zilikutana mwaka jana

Munapaswa kukumbuka fainali ya 2024, sababu ni hizi hizi mbili. Florida ilishinda mechi tatu za kwanza. Kila mutu akasema imekwisha. Edmonton ikashinda tatu zilizofuata, moja kwa 8-1. Tarehe 24 Juni 2024, katika mechi ya saba, Florida ikashinda 2-1 na kuchukua kombe lake la kwanza katika historia. Edmonton ilichukua kombe mara tano, lakini la mwisho lilikuwa 1990. Tangu Montréal ishinde mwaka 1993, hakuna ekipe ya Kanada iliyolichukua tena. Ndiyo maana ndugu zetu walioko kule wanasema nchi nzima, hata watu wasiopenda Edmonton, wanaangalia fainali hii.

Kwa mwenye pulu, fainali ile iko na masomo mawili.

Somo la kwanza ni la Connor McDavid, nahodha wa Edmonton. Katika mechi saba alipata pointi 11, na katika mechi zote za mchujo alifikisha 42, bao 8 na pasi 34. Alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mchujo ingawa ekipe yake ilishindwa, jambo ambalo kwa mchezaji wa uwanjani lilikuwa limetokea mara moja tu, mwaka 1976. Lakini angalia vizuri: pointi 8 kati ya zile 11 zilitoka katika mechi mbili, ya nne na ya tano. Mechi ya sita na ya saba hakupata hata moja. Nyota hatoi pointi kidogo kidogo kila siku kama maji ya bomba. Anaweza kukauka, halafu akamwaga zote kwa usiku mmoja. Kwa hiyo usimkatie tamaa baada ya mechi mbili.

Somo la pili ni la Leon Draisaitl, Mjerumani wa Edmonton. Waliomchagua kwa fainali ya 2024 walilia: mechi saba, bao sifuri, pasi tatu. Jina kubwa halitoshi.

Nani atashinda? Hapo ndipo watu wanapotea

Katika pulu inayoanza mwezi wa nne, wakati ekipe 16 bado ziko mbioni, kujua ekipe itakayofika mbali ni jambo kubwa. Mchezaji mzuri wa ekipe iliyotolewa mapema anacheza mechi nne ama tano tu halafu anaenda nyumbani. Pointi zake zinasimama pale.

Lakini katika pulu ya fainali peke yake, mambo ni tofauti kabisa. Ekipe zote mbili zitacheza hesabu moja ya mechi. Ikiwa ni tano, ni tano kwa wote. Ikiwa ni saba, ni saba kwa wote. Mshambuliaji wa ekipe itakayoshindwa anaweza kukuletea pointi kupita yule wa ekipe itakayobeba kombe. Mwaka jana McDavid ndiye mfano. Kwa hiyo ukichagua wachezaji wa ekipe moja tu sababu unaipenda ama sababu ndugu yako anaishi mji ule, unajifunga mikono mwenyewe.

Urefu wa fainali uko na kazi yake pia. Mwaka huu, kabla ya fainali, McDavid amepata pointi 26 katika mechi 16. Sam Bennett wa Florida amepata 16 katika mechi 17. Wakiendelea hivyo hivyo, kwa mechi nne McDavid atapata 6 ama 7, na Bennett 4 hivi. Kwa mechi saba, McDavid atafika 11 na Bennett 6 ama 7. Unaona: fainali fupi inaacha tofauti ndogo kati ya nyota na mchezaji mzuri wa kawaida. Fainali ndefu inampa nafasi aliyeshika nyota.

Kuna sehemu moja tu ambapo kujua mshindi ni lazima, nayo ni kipa. Pulu nyingi zinampa kipa pointi 2 kwa kila ushindi, na nyongeza akimaliza mechi bila kufungwa. Fanya hesabu: ekipe bingwa lazima ishinde mara nne, ndiyo pointi 8, ikiwa kipa ni yule yule. Ekipe itakayoshindwa inaweza kumpa kipa wake 6, ama 4, ama 2, ama bure kabisa.

Kusoma ekipe mbili kwa jicho la pulu

Edmonton: pointi ziko kwa watu wachache. McDavid ana 26, Draisaitl 25. Draisaitl ndiye alifunga mabao mengi kuliko wote katika ligi msimu huu, 52. Nyuma yao, mtu wa kuangalia ni beki Evan Bouchard. Watu wetu wamezoea mpira wa miguu na wanaogopa kuchagua beki. Lakini Bouchard anaanzisha mashambulizi wakati wapinzani wako pungufu, na mwaka jana alimaliza mchujo na pointi 32, hesabu ambayo washambuliaji wengi hawaifikii. Ryan Nugent-Hopkins naye anaingia katika kundi lile la watano.

Usimchague Zach Hyman. Jina lake litakuvuta, sababu mwaka jana alifunga mabao 16 katika mchujo. Lakini aliumia mkono katika mechi ya nne dhidi ya Dallas na hatacheza fainali. Nafasi inayobaki inafungua mlango kwa wengine, kama mzee Corey Perry, mwenye miaka 40, ambaye anasimama karibu na lango kusubiri kisahani. Huyo atakuwa amebaki hata kwa zamu za mwisho, na anaweza kukufaa.

Florida: pointi zimegawanyika. Nahodha Aleksander Barkov, Mfini, ana 17. Bennett ana 16, na kati ya hizo bao ni 10. Hakuna aliyefunga zaidi yake katika mchujo huu mpaka sasa. Brad Marchand, miaka 37, aliyetoka Boston mwezi wa tatu, ana 14, na hata hachezi katika mstari wa kwanza. Kuna Carter Verhaeghe, na kuna Sam Reinhart, aliyefunga bao la ushindi katika mechi ya saba mwaka jana. Hii ni ekipe ambayo ukichelewa kuchagua bado unapata mtu wa maana.

Barkov ana tatizo moja kwa pulu: ni mmoja wa washambuliaji bora duniani kwa kuzuia, na kocha Paul Maurice atamtuma mara nyingi kumfuata McDavid. Kazi hiyo inaweza kushinda kombe na isilete pointi hata moja kwako.

Kuhusu makipa, hapa tofauti ni wazi. Sergei Bobrovsky wa Florida amecheza mechi zote 17: ushindi 12, kushindwa 5. Edmonton nayo iko na ushindi 12, lakini umegawanyika: Stuart Skinner 6 na Calvin Pickard 6. Skinner alianza vibaya, akatolewa, Pickard akashinda zote sita mpaka akaumia, Skinner akarudi na kufanya vizuri sana, mechi tatu bila kufungwa. Bobrovsky naye ana tatu kama hizo. Hata kama unaamini Edmonton itashinda, jiulize kama kocha wao atamwacha kipa mmoja mpaka mwisho. Bobrovsky ana hatari ndogo zaidi.

Soma sheria kabla ya kuchagua

Pulu moja inatoa pointi 1 kwa bao na 1 kwa pasi. Nyingine inatoa 2 kwa bao na 1 kwa pasi. Inaonekana kama jambo dogo, lakini inabadilisha orodha yako. Mpaka sasa McDavid ana bao 6 na pasi 20. Draisaitl bao 7 na pasi 18. Bennett bao 10 na pasi 6. Kwa sheria ya kwanza, ni 26, 25 na 16. Kwa sheria ya pili, ni 32, 32 na 26. Draisaitl amemfikia mwenzake, na Bennett amesogea karibu sana. Kwa hiyo uliza bao ni pointi ngapi kabla ya kutaja jina hata moja.

Uliza pia namna ya kuchagua. Kama ni kwa zamu, kawaida inakwenda na kurudi: wa kwanza mpaka wa kumi, halafu wa kumi mpaka wa kwanza. Aliye mwisho anachagua wawili mara moja, kwa hiyo si bahati mbaya sana. Ushauri wetu ni huu. Ukiwa wa kwanza ama wa pili, chukua McDavid ama Draisaitl, usitafute akili nyingi. Ukiwa katikati, chukua Bouchard, Bennett ama Bobrovsky. Ukiwa wa mwisho, chukua wawili wa Florida wanaocheza mstari mmoja, sababu mmoja akifunga, pengine mwenzake ndiye aliyetoa pasi, na wewe unapata mara mbili.

Vipi kuhusu mtoto wa kwetu?

Wasomaji wengine watauliza kama kuna Mukongomani katika ligi hii. Yuko: Bokondji Imama, aliyezaliwa Montréal mwaka 1996 kwa wazazi kutoka Kongo, alifunga bao lake la kwanza la NHL mwezi wa nne 2022 akiwa na Arizona. Hayuko katika fainali hii. Na hata angekuwepo, kazi yake ni ya nguvu, kugongana na kulinda wenzake, si kutafuta mabao. Tunaweza kumshangilia kwa moyo wote, lakini katika pulu angekaa nje ya orodha. Vilevile Johnny Oduya wa Uswidi, ambaye baba yake ni Mkenya, alichukua Kombe la Stanley mara mbili na Chicago, 2013 na 2015. Alikuwa beki wa kuzuia, na pointi zake zilikuwa chache. Moyo na hesabu, kila kimoja kiko na mahali pake.

Feza ya kapu

Hapa tuseme wazi, sababu ndipo familia zinagombana. Tuchukue mfano wa watu 10, kila mutu dola 10. Kapu ni dola 100. Wakigawa 60 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili, na wa tatu arudishiwe 10 zake, maana yake watu saba kati ya kumi wanapoteza yote. Hata ukijua hoki vizuri, mchezaji akiumia usiku wa kwanza, wewe umekwisha.

Kwa mutu anayepata mshahara Edmonton, dola 10 ni chakula cha mchana kimoja. Kwa nyumba ya hapa, tangu benki zifunge Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025 na feza ikawa ngumu kushika, dola 10 ni jambo lingine kabisa. Feza ya minerval, ya dawa ama ya kodi ya nyumba isiingie katika kapu hili. Ukitaka kushiriki kwa furaha tu, mwambie ndugu yako bila haya: "Yaya, niandike katika orodha, lakini bila feza." Familia nyingi zinakubali, na unaweza kuwashinda wote bila kutoa franka.

Kama unatoa, mambo manne yaandikwe katika kundi la WhatsApp kabla ya mechi ya kwanza: nani anashika kapu, bao na pasi ni pointi ngapi, mchezaji akiumia anabadilishwa ama hapana, na watu wawili wakilingana, nani anatangulia. Anayelipia ndugu wa hapa naye aseme mapema kama ile dola 10 ni zawadi ama ni deni, na akishinda, feza inatumwa kwa nani. Likelemba nyingi zinavunjika kwa maneno kama hayo ambayo watu waliona haya kuyasema mwanzoni.

Na uangalifu mmoja wa mwisho: pulu inafanyika kati ya watu wanaojuana. Ukipata ujumbe wa mutu usiyemjua akikuambia utume feza kwa simu ili uingie katika "pulu ya Kanada" na zawadi kubwa, achana naye.

Siku za mechi kwa saa zetu

Mechi zote zinaanza saa nane za usiku. Ya kwanza ni Alhamisi 5 Juni, ya pili Jumamosi 7, ya tatu Jumanne 10, ya nne Ijumaa 13. Zikihitajika: ya tano Jumapili 15, ya sita Jumatano 18, ya saba Jumamosi 21.

Si lazima kumaliza mega zako kuangalia usiku. Asubuhi, tafuta karatasi ya matokeo ya mechi kwenye intaneti: inaandika kila bao, nani alifunga na nani walitoa pasi mbili. Chukua daftari, andika pointi za watu wako, linganisha na hesabu ya mwenye kushika kapu. Wakati mwingine jina la mtoa pasi linabadilishwa saa chache baada ya mechi, kwa hiyo kabla ya kugombana na shangazi, angalia mara ya pili.